Posa ya Mfuko wa Damu

Nchi yenyewe ina jina zuri tu, ila jina hilo limefungiwa kwenye kabati la Ofisi ya Majina, na mwenye ufunguo yuko likizo. Basi tuiite Nchi, wenyewe wataelewa. Ni nchi ya amani na utulivu, yenye kamati mia nne na kumi na mbili, na katika hizo hakuna iliyoogopwa kama Kamati ya Taifa ya Maadili ya Seli. Katibu wake aliitwa Bwana Zahoro Kitwana.

Zahoro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa faili. Alizipanga kalamu zake mezani kwa urefu, na mtu akimsalimia alimjibu kwanza kisha akatazama saa, asije akaulizwa siku moja salamu ile ilipokelewa lini.

Kamati ilizaliwa uwanja wa ndege. Mheshimiwa Rais alikuwa amerudi kutoka nchi za baridi, na huko wenyeji walimwonyesha kichupa chenye seli shina. Wakamweleza kwamba hizo ni seli changa ambazo bado hazijachagua kazi, na kwamba ukizipandikiza kwa mgonjwa mwenye damu mbovu zinaweza kumtengenezea damu mpya. Rais akawauliza wasaidizi wake kama na sisi tunazo. Wakasema tunazo nyingi sana, Mheshimiwa. Akauliza kama tunayo maadili yake. Hapo wakatazamana. Rais akatangaza, angali kwenye ngazi za ndege, kwamba maadili yawe yamepatikana ifikapo Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Agizo likashuka kutoka kwa waziri kwenda kwa katibu mkuu, kwa mkurugenzi, kwa mkurugenzi msaidizi, likamwangukia Zahoro siku ya Alhamisi saa tisa alasiri, kwa sababu waliokuwa chini yake walikuwa wameshaondoka. Zahoro akafungua droo atafute pa kuanzia. Ndani mlikuwa na kitabu kimoja tu: Kanuni za Posa na Ndoa.

Akakisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kufurahi. Mambo yalifanana! Kuna kitu kinatoka upande mmoja kwenda upande wa pili. Kuna ridhaa, kuna mashahidi, kuna pingamizi. Palipoandikwa mwoaji akaandika mpokeaji, palipoandikwa mwolewa akaandika mtoaji, na palipoandikwa nyumba akaandika mwili. Mshenga alimwacha kama alivyo, kwa kuwa hakupata neno la kuweka mahali pake. Ijumaa asubuhi Bunge likazipitisha Kanuni kwa makofi, mbunge mmoja akilia kabisa na kusema kwamba hatimaye sayansi imevaa kanzu. Zahoro akapewa cheti chenye fremu, na ukatibu wa Kamati.

Kamati ikafanya kazi miaka miwili bila doa. Hakuna aliyeomba kitu.

*

Wa kwanza kuomba alikuwa Zahoro mwenyewe.

Binti yake, Sikudhani, alikuwa na miaka tisa na ugonjwa wa siko seli. Seli zake nyekundu zilijikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa, na zilipokwama mtoto alilia mpaka sauti ikaisha, halafu akaendelea kulia bila sauti. Hiyo ya pili ndiyo iliyommaliza Zahoro. Angeweza kuvumilia kelele. Kile kinywa kilichokuwa wazi bila kutoa kitu hakukiweza, na mara nyingi alitoka nje akajifanya anatafuta ndala.

Mkewe, Mwanahawa, alipojifungua mtoto wa kiume, Kombo, Daktari Adelina Rwezaura alikinga damu ya kitovu kwenye mfuko mdogo kama kiganja, akaugandisha katika tangi la baridi kali. Akaipima. Kisha akawaita wazazi.

"Mna bahati ambayo wengi wanaitafuta hawaipati," aliwaambia. "Damu ya Kombo inalingana na ya dada yake kila kitu. Tutampa Sikudhani dawa kali siku kadhaa, zifagie uboho wake wa zamani ndani ya mifupa. Halafu tunamwingizia seli za mdogo wake, zikae humo, zianze kutengeneza damu nzuri. Akipokea vizuri, anaweza kupona kabisa."

"Na Kombo je? Ataumia?" aliuliza Mwanahawa.

"Kombo ameshatoa. Hana habari."

"Hana habari," Mwanahawa akarudia, akamtazama mwanawe aliyelala. "Ndilo linalonitia wasiwasi, daktari. Siku akikua akaniambia, mama, hukuniuliza?"

"Kile kitovu ungekipeleka wapi?"

"Tungekifukia."

"Basi utamwambia ulimpa dada yake kitu ulichokuwa unakwenda kukifukia."

Mwanahawa akafikiri, akaridhika. Swali lile lilikuwa la maadili, na ndilo swali pekee la maadili lililoulizwa katika jambo hili lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Liliulizwa na mama mwenye mtoto mapajani, ambaye hakuwa mjumbe wa kamati yoyote.

"Kilichobaki," alisema daktari, "ni kibali cha Kamati. Bwana Zahoro, hiyo si kwako?"

Zahoro akasema ndiyo, kwake. 

*

Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Lukindo, aliwahi kuongoza Kamati ya Viwanja vya Mpira, na ujuzi huo alisema unamfaa sana. Mtaalamu wa Kamati alikuwa Bi Sihaba, kungwi wa miaka mingi, aliyeteuliwa kwa kuwa Kanuni zilimhitaji mtu anayejua masuala ya posa.

Zahoro akasoma ombi. Alipofika kwenye kipengele cha uhusiano kati ya mtoaji na mpokeaji, sauti ikampungua.

"Kaka na dada," alisema.

Bi Sihaba akaachia kikombe.

"Wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja, bibi."

"Astaghfirullah! Zahoro! Na wewe baba mzima umekuja kutusomea?"

Mheshimiwa Lukindo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, ili wote waone uzito wa jambo. "Katibu," alisema, "Kanuni ya sita inasemaje?"

Zahoro aliijua kwa moyo. Ni mwandiko wake. "Mtoaji na mpokeaji wasiwe ndugu wa damu, wala wa kunyonya, wala mtu na mkwewe."

"Umesikia, daktari?"

Daktari Adelina, aliyealikwa kutoa maelezo, akasimama. "Mheshimiwa, hii si ndoa. Kwenye upandikizaji, undugu ndio unaotakiwa. Wakiwa mbalimbali sana, seli zinakataana. Zinaweza hata kumuua mgonjwa."

"Hata kwenye ndoa wanakataana," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Ndiyo maana tuna wazee wa kuwapatanisha. Sisi hatupingi sayansi, daktari. Tunasema tu iwe na haya. Mbona hamtafuti seli za mbali? Mimi ninamfahamu kijana mmoja wa familia nzuri, yuko forodhani, hanywi pombe."

"Hazilingani!"

"Mmeshawakutanisha?"

Daktari akakaa chini.

Waliomjua Zahoro wangetegemea aandike uamuzi na kufunga faili. Kweli kalamu ilikuwa mkononi. Lakini alikuwa ametoka hospitali asubuhi ile, na mtoto alikuwa amekumbatia mto akiuuma. Akainua mkono. Katibu wa kamati hainui mkono. Wajumbe wakadhani anataka kwenda haja.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Kanuni ya sita inasema undugu utathibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Cheti cha Kombo hakijatoka. Ofisi ya Vizazi sasa hivi inashughulikia waliozaliwa miaka minne iliyopita."



"Kwa hiyo?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kwa hiyo, kiserikali, Kombo hajapata wazazi. Na asiye na wazazi hana dada."

Mheshimiwa Lukindo akatabasamu polepole. Alipenda sana serikali inapoonekana ilifikiria mbele. Akalisifu jambo hilo kwa dakika arobaini, akisema wapo wanaobeza ucheleweshaji bila kujua kwamba ni sera. Pingamizi likaondolewa. Posa ikapokelewa. Bi Sihaba akauliza yupi atakuwa bwana harusi, maana mwoaji ni msichana, na mwolewa ni damu ya kiume. Ikaundwa kamati ndogo, ikaamua wote wawili wasitazamwe sana.

"Sasa imebaki Kanuni ya kumi na moja," alisema Mwenyekiti. "Mtoaji aletwe mbele ya Kamati, aulizwe mara tatu kama ameridhia. Akinyamaza, ameridhia. Katibu, hizo seli zije Jumanne saa tatu."

"Zije hapa?" daktari alipaza sauti. "Mheshimiwa, Jumanne saa tatu ndipo tunampa mgonjwa! Ziko kwenye baridi. Zikiyeyuka zikakaa mezani, zinakufa. Na mtoto atakuwa ameshapewa zile dawa, uboho wake umefagiliwa, ndani hana kitu. Tukikosa zile seli, tunamkosa na yeye."

"Daktari, katika nchi hii bibi harusi hapelekwi kwa mumewe kabla ya kuulizwa," alisema Mheshimiwa Lukindo. "Huko ndiko kuvunja maadili." Akafunga kikao.

*

"Nani aliyeandika upuuzi huu?" Mwanahawa alimuuliza mumewe jikoni, Jumapili mchana. Dawa za Sikudhani zilikuwa zimeshaanza. Nywele zake zilikuwa zimebaki kwenye mto.

 Zahoro akatazama kile cheti chenye fremu, ukutani.

"Baba Sikudhani. Nakuuliza."

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Nilipewa mpaka Ijumaa, mke wangu."

Mwanahawa hakupiga kelele. Alifungua friji ya barafu aliyokuwa akiwagandishia watoto wa mtaani juisi ya rozela kwenye vifuko, akasimama mbele yake muda mrefu, hewa baridi ikimpiga usoni. Kisha akatoa kifuko kimoja, chekundu cha giza, kidogo kama kiganja, akakiweka mezani mbele ya mumewe.

Zahoro akakitazama. Akaelewa. Akaogopa jinsi ambavyo hajawahi kuogopa.

"Hiyo ni jinai," alinong'ona.

"Hii ni rozela," alisema Mwanahawa.

Kesho yake Mwanahawa alikwenda kwa Daktari Adelina. Daktari alimsikiliza akiwa amempa mgongo, akiandika kitu. Kisha akamsogezea kwa mguu sanduku jeupe la hospitali lenye nembo.

"Nimekuazima sanduku," alisema. "Sijui unakwenda kuweka nini, na usiniambie."

*

Jumanne saa tatu ukumbi ulijaa. Televisheni ya Taifa ilikuja. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, na juu yake, katika sinia lenye maua ya asumini, kikalazwa kifuko chekundu. Zahoro aliketi nyuma ya daftari la muhtasari, shati limemganda mgongoni.

Bi Sihaba, aliyejitanda kanga mpya, akainama juu ya sinia. "Mwanangu," alisema kwa sauti laini, "umeposwa na Sikudhani binti Zahoro. Umeridhia?"

Kifuko kikanyamaza.

"Umeridhia?"

Kikanyamaza.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, umeridhia?"

Kitone kimoja kikateremka ubavuni mwake. "Anatoa machozi!" Bi Sihaba akapiga kigelegele, na ukumbi mzima ukaitikia. Mjumbe mmoja akasema hajawahi kuona haya ya namna ile kwa wasichana wa siku hizi.

Kisha Mwenyekiti akasimama kutoa nasaha. Aliziambia seli zimtii mpokeaji, zisimsengenye, zisirudi kwao kwa kila jambo dogo. Alizikumbusha kwamba kabla ya uongozi wa Rais wetu mpendwa seli zilikuwa zinahamahama ovyo. Alizungumza saa nzima, halafu saa ya pili. Rozela ikayeyuka yote, kifuko kikapata tundu, ikaanza kuchora ziwa kwenye kitambaa. Sisimizi wakapanda mguu wa meza kwa mstari. Bi Sihaba akawaona, akasema hiyo ni dalili ya damu tamu ya ukoo mzuri.

Saa ya tatu ya hotuba ilipokuwa inakaribia kwisha, simu ya Zahoro ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Mwanahawa ulikuwa na maneno mawili: Imeingia yote.

Zahoro akafunika uso kwa mikono, akalia mbele ya kamera za taifa. Baadaye, kwa kuwa ndiye mwandishi wa muhtasari, aliandika: "Katibu alitokwa na machozi kwa kuguswa na nasaha za Mwenyekiti." Na pale palipohitaji maelezo ya kilichokuwa mezani, aliandika: "Mfuko mmoja wa damu."

*

Miezi mitatu ikapita. Damu ya Kombo ikakaa ndani ya mifupa ya Sikudhani, ikaota, ikaanza kazi. Mtoto akaanza kula. Akaanza kugombana. Siku moja akakimbia kutoka mlangoni hadi bombani na kurudi, hakuumwa popote, na Zahoro akamwambia arudie tena, akarudia, akamwambia tena, mpaka mtoto akauliza baba ana nini leo.

Kamati ikakutana. Muhtasari uliopita ukasomwa, ukathibitishwa bila marekebisho. Kisha Mheshimiwa Lukindo akatangaza habari njema.

"Ndugu wajumbe, wataalamu walitutisha hapa. Walisema seli zikitoka kwenye baridi zinakufa. Sasa, seli zimekaa juu ya meza hii saa tatu, kwa ushahidi wa televisheni, na mtoto amepona! Maana yake nini? Maana yake yale matangi ya baridi ni anasa. Napendekeza yahamishiwe kantini ya Wizara, yahifadhi samaki. Na kuanzia leo kila mtoaji akae mezani si chini ya saa tatu, apate nasaha kamili, kwa sababu tumeona ndizo zinazoponya."

Makofi yakapigwa. Zahoro aliendelea kuandika hadi alipofika kwenye neno "zinazoponya", kalamu ikagoma.

"Aingie mwombaji wa leo," alisema Mwenyekiti.

Akaingia mwanamke mwembamba aliyebeba sanduku jeupe kifuani kwa mikono miwili. Alijitambulisha kuwa Mama Tegemea. Mwanawe Tegemea, wa miaka sita, alikuwa wodini na uboho umeshafagiliwa; seli zilizomo sandukuni zilikuwa za mdogo wake. Alikuwa ameambiwa azilete saa tatu kamili, naye aliletwa na gari la daktari saa mbili, akakaa nje kwenye benchi akiogopa hata kukohoa.

"Karibu, mama, usiwe na wasiwasi," alisema Mheshimiwa Lukindo. "Tunao uzoefu. Bi Sihaba, fungua sanduku."

Zahoro akasimama.

"Mheshimiwa, ile haikuwa damu."

"Ipi?"

"Ya mwanangu. Niliyoileta hapa. Ilikuwa rozela. Mke wangu anagandisha rozela. Seli zenyewe ziliingizwa hospitali saa ile ile mliyokuwa mnazipa nasaha. Hizi za mama huyu ni za kweli, na mkizifungua hapa mtamuua mtoto wake."

 Mama Tegemea akalikumbatia sanduku.

"Katibu," alisema Mwenyekiti taratibu, "unajua unachokisema? Kama ilikuwa rozela, ridhaa haikutolewa. Ridhaa isipotolewa, kibali ni batili. Na kibali kikiwa batili, Kanuni ya ishirini na mbili inataka kilichochukuliwa kirudishwe kwao. Itabidi binti yako azitoe zile seli, zirudi kwa mwenyewe."

Zahoro aliona weusi. Alimwona Sikudhani anakimbia kwenda bombani.  Akabaki amesimama.

"Najua," alisema. "Niliiandika mimi. Lakini ilikuwa rozela."

Mwenyekiti akavuta daftari, akalifungua, akasoma kwa kidole. "Hapa pameandikwa mfuko mmoja wa damu. Muhtasari huu umethibitishwa asubuhi hii na wajumbe wote. Nani aliyeuandika?"

"Mimi."

"Unataka kuiambia Kamati ya Taifa kwamba muhtasari uliothibitishwa unasema uongo?"

"Ndiyo."

"Haiwezekani," alisema Mheshimiwa Lukindo, bila hasira, kama anayemweleza mtoto. "Kilichothibitishwa ndicho kilichotokea. Wewe umechoka, Bwana Zahoro, umeuguza. Kaa uandike. Bi Sihaba, fungua sanduku."

Bi Sihaba akanyoosha mikono yenye hina kuelekea kwenye kifuniko.

Zahoro hakukaa. Alilifunga daftari la muhtasari, akalitia kwapani pamoja na kalamu zote, ndefu na fupi. Akaizunguka meza, akamshika Mama Tegemea kiwiko.

"Twende, mama," alisema. "Usilifungue. Gari ya daktari iko mlango wa nyuma."

"Baba, watanikamata?"

"Wakitaka kukukamata lazima kwanza waazimie. Twende."

Wakatoka, yeye na yule mama na sanduku, hatua za haraka, kisha mbio. Bwana Zahoro Kitwana, mwenye miaka hamsini na moja, alikimbia kwenye korido ya Wizara mbele ya wahudumu wa chai, na machozi yalimtoka tena, safari hii bila nasaha za mtu yeyote. Ilipofika saa nne kasorobo seli zilikuwa zinateremka tone kwa tone kwenye mkono wa Tegemea, na mama yake alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anazihesabu.

Kule ukumbini Mheshimiwa Lukindo alitaka kulaani kitendo kile, akagundua hakuna wa kuandika laana. Akataka kumfukuza kazi Katibu, lakini katibu hufukuzwa kwa muhtasari. Akataka walau kufunga kikao, na wajumbe wakamkumbusha kwamba kikao kisichoandikwa saa ya kufungwa hakijafungwa, na mjumbe anayetoka kabla hakijafungwa hupoteza ujumbe wake. Wakatazamana, hakuna aliyeinuka.

Mpaka leo wamo humo. Chai hupitishwa dirishani. Na wodini, kwa kuwa hakuna Kamati ya kuwazuia wala ya kuwaruhusu, Daktari Adelina ameshapandikiza watoto kumi na wanane.